Umri wa Kilima

Mashine ilitoa jibu lile lile kwa mara ya tatu: miaka milioni mia sita. Mpimaji alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaivaa tena. Namba haikubadilika.

"Huo ni umri wa kokoto za hapa hapa mjini, dada," alisema mwenzake, ambaye maabara nzima ilimwita Chekeche, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchekecha mawe yaliyosagwa mpaka zibaki zile punje ngumu za zirikoni, madini yanayotunza umri wa mwamba.

"Labda hukusafisha vyombo vizuri."

"Nimesugua mpaka mikono imechubuka! Uchafu kama upo, ulikuja ndani ya ule mfuko wa mawe. Si mzee alisaga mwenyewe?"

Kweli, mzee alisaga mwenyewe. Mzee huyo, mjomba wa mpimaji na mwanajiolojia mstaafu, alileta mfuko ule siku chache kabla ya kulazwa, akasema ni mwamba wa chini kabisa wa kilima chake. Kilima hakikuwa chake, lakini kila mtu alisema hivyo, maana nusu ya maisha yake alishikilia jambo moja: kwamba mwamba ule wa msingi una miaka bilioni tatu, na kwamba ulimeguka kutoka bara jingine, ukaja kukwama katikati ya miamba michanga kama mgeni aliyeachwa na gari. Alipenda kujitania kwamba siku yake ya kuzaliwa haijui, ya kilima anaijua.

Na umri huo aliupima mpwa wake huyu huyu, alipokuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Urani, madini ya mionzi yaliyofungiwa ndani ya punje, hugeuka madini ya risasi pole pole, haina haraka wala likizo. Ukijua iliyobaki na iliyogeuka, umejua umri. Alipima, akarudia, akarudia tena, na kila punje ilisema bilioni tatu. Ilikuwa kazi safi. Angeweza kuiapia popote.

Lakini walimwengu wana lao. Mwaka huu, mkutanoni, msomi mmoja alisimama akamwambia mjomba mbele ya kadamnasi: "Mtoto umemlea mwenyewe, umemsomesha mwenyewe, akupe namba gani nyingine?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mjomba alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo moyo ukaanza kumsumbua.

Kesho asubuhi angepasuliwa. Daktari aliwaonya ndugu wasimpe habari ya kumshtua.

"Sasa utamwambia nini?" Chekeche aliuliza.

"Kinu chake kilikuwa na vumbi la kokoto. Basi."

"Ndivyo utakavyomwambia?"

Alichukua mkoba wake akatoka.

Hospitalini, mjomba alikuwa ameegemezwa mito, mashavu yamebonyea. Alikuwa ameshamtuma mkewe chai asiyoitaka, ili wabaki wawili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umepima?"

"Nimepima."

"Haya, niambie. Na usinionee huruma, mwanangu. Kesho naweza nisiamke, nataka niende nikiwa najua."

Alitaka kumwambia kwamba namba imekataa, ampe muda, atapanda kilimani mwenyewe na nyundo. Kisha akaziona zile waya kifuani, na kile kimashine kando ya kitanda kikihesabu mapigo. Alimpenda mno mtu huyu. Mama yake alipofariki, huyu ndiye aliyemchukua akamlea, ndiye aliyemfundisha kupasua jiwe bila kujiponda vidole. Tena ukweli wa kilima aliujua, wala haukuwa na shaka. Uongo mmoja, juu ya mfuko mmoja mchafu, ungemdhuru nani?

"Bilioni tatu, mjomba. Vile vile kama mara ya kwanza."

"Punje zote?"

"Zote."

"Hakuna hata moja iliyokataa?"

"Hata moja."

Mjomba akafumba macho. Chozi likamtoka, likateremka mpaka sikioni. Mpwa akaushika mkono wake, naye akaanza kulia, furaha na woga vimechanganyika. Muuguzi alichungulia mlangoni, akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

"Ule mchanga si wa kilimani," mjomba alisema, akiuchomoa mkono wake taratibu. "Ni kokoto za machimbo ya nyuma ya stesheni. Nilizipima mwenyewe ujanani: milioni mia sita. Nilitaka tu kujua kama ile mara ya kwanza uliniambia kweli."