Saa Iliyoruka Mara Mbili

Kayitesi aliweka kidole kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne mashine ya mahudhurio ikawasha taa nyekundu.

"Iko inasema nimechelewa," alimwambia Ntare. "Nimetoka Busanza saa kumi na moja na nusu, mtoto nimemwacha amelala. Nimechelewa nini?"

Nyuma yake walipangana wenzake arobaini, wapokea simu wote. Ntare, fundi wa kompyuta wa ofisi hiyo, alitazama saa yake ya mkononi: saa mbili kasoro robo. Akatazama saa ya mashine: saa tatu kasoro robo.

Kigali saa haibadiliki mwaka mzima, lakini simu wanazopokea pale hutoka Ulaya, na jana Jumapili Ulaya walikuwa wamesogeza saa zao mbele. Kuanzia leo wateja wangepiga saa mbili badala ya saa tatu. Jumamosi kutwa Ntare alikuwa amerekebisha saa za kompyuta moja baada ya nyingine, kisha mashine ya mlangoni, inayofuata saa za Brussels, akaisogeza mwenyewe kwa mkono. Hakuna aliyemwambia kwamba alfajiri ya Jumapili mashine nayo ingejisogeza.

Kuirudisha nyuma ingekuwa kazi ya dakika moja, lakini mashine ile ilitengenezwa na watu wasiomwamini mtu. Saa yake ikibadilika mara mbili ndani ya siku tatu, inajifunga, kama ilivyojifunga sasa, na namba ya siri ya kuifungua anayo mtengenezaji peke yake. Na asiyepita kwenye mashine, kompyuta yake haifunguki.

Melchior, mkurugenzi, alishuka kutoka ofisini kwake akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunywa.

"Oktoba tulichelewa nusu saa tu, wakatuandikia barua," alisema. "Wale wa Brussels wanapokea simu kwa niaba ya makampuni themanini, na simu zote wanatutupia sisi. Tukirudia leo, watazipeleka nchi nyingine. Hawa wote watarudi nyumbani, Ntare. Na wewe utatangulia."

"Ndiyo, bosi."

Ubavuni mwa mashine kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye namba ya simu ya Ubelgiji ya huduma kwa wateja wa mtengenezaji, kuanzia saa mbili asubuhi. Ntare alisubiri huku ameikodolea macho simu yake. Ilipogonga saa mbili kamili, akapiga. Piano ikaanza kulia, kisha sauti iliyorekodiwa ya mwanamke ikamwambia kwa Kifaransa kwamba simu yake ni muhimu sana, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Akashusha pumzi. Wa kwanza, basi haitachukua muda.

Dakika tano zikapita. Piano ikafika mwisho, ikaanza upya. Wewe ndiye wa kwanza kwenye foleni. Dakika kumi. Wafanyakazi walikuwa wamekaa kwenye ngazi, wengine wameanza kupiga simu nyumbani kwa sauti za chini. Ntare alizunguka mashine ile kama mtu anayetafuta pa kuipiga teke.

"Wa kwanza, halafu hakuna anayepokea," alisema. "Hawa watu wanalipwa kwa kazi gani?"

"Wako wanakunywa kahawa," Kayitesi alisema. "Sisi tungethubutu kumkalisha mtu hivyo?"

"Mngefukuzwa siku hiyo hiyo."

Kwenye ukuta wa ukumbi, kioo kikubwa kama cha televisheni kilihesabu wateja waliokuwa wakingoja kupokelewa. Walikuwa wanne, wakawa tisa, wakawa kumi na saba. Melchior alisimama mbele ya kile kioo na mikono nyuma, na kila namba ilipoongezeka mabega yake yalishuka kidogo.

Saa mbili na dakika ishirini Ntare akakumbuka kompyuta ya mkurugenzi. Hiyo haikuunganishwa na mashine ya mlangoni. Haikuwa na programu ya kupokelea simu, lakini programu inaweza kuwekwa. Waliibeba wakaishusha ukumbini, Ntare akapiga magoti mbele yake, simu imebanwa kati ya sikio na bega, piano ikimlilia kichwani, vidole vikitafuta herufi. Mara ya kwanza ikagoma. Mara ya pili ikagoma. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alitamani kuikata ile simu, lakini baada ya kungoja kiasi hicho aliona afadhali afe nayo mkononi.

Mara ya tatu ikakubali.

"Kayitesi, njoo," Melchior aliita. "Mmoja ni bora kuliko hakuna. Anza na aliyengoja zaidi. Huyo amekaa dakika arobaini na tatu, atakuwa anatoa moshi. Akikutukana, nyamaza. Mwombe radhi kama mtu uliyemkanyaga."

Ntare alinyanyuka, magoti yakimuuma, akasogea dirishani ili asimsumbue. Nyuma yake alimsikia Kayitesi akivuta kiti, akivaa hedifoni na kukohoa kidogo kusafisha koo.

Piano ikakatika.

"Habari za asubuhi, bwana. Samahani sana kwa kukungojesha," ilisema kwa Kifaransa laini sauti ya Kayitesi, ndani ya sikio lake na nyuma ya mgongo wake kwa wakati mmoja.