Shikamoo ya Bi Zamda

Tangu sheria iweke kipimo cha moyo katika kila nyumba, watu waliacha kuulizana hali. Kila asubuhi Bi Zamda alichoma kidole, na kipimo kikasoma katika tone la damu zile RNA ndogo zisizotengeneza protini, ambazo huongezeka moyo unapoelemewa. Rangi ya kijani, ishara kwamba moyo ni mzima, ilimfikia kwenye simu bintiye Havijawa, aliyeishi mbali, naye hakuona sababu ya kupiga simu.

Jumatatu rangi ilikuwa nyekundu. Simu ikalia papo hapo.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu. Leo ndiyo umekumbuka kwamba una mama?"

"Acha utani, mama. Kile kidonge cha kuzuia hizo RNA unameza?"

"Nameza. Hebu niambie, mjukuu wangu ameota meno?"

"Mawili. Anang'ata hata viatu vya baba yake."

Bi Zamda alicheka mpaka akaishiwa pumzi, akaketi kitandani.

"Mama? Mbona unahema?"

"Kicheko tu. Kesho utapiga?"

"Rangi ikiwa nyekundu, lazima nipige."

Simu ilipokatika, alichukua kidonge cha siku ile, akakifunga katika pindo la kanga yake pamoja na vingine vinne.