Kazi Moja kwa Kila Nyumba

Mjini Korogwe kila nyumba iliruhusiwa kuendesha kazi mbili tu kwenye kompyuta ya mtaa. Hidaya alikwisha kuzima taa na jiko, akawa anapikia mkaa. Alibakiza mashine ya kupumulia ya mama mkwe wake, na sauti ya Shemdoe.

Shemdoe, mumewe, alifia machimboni. Mama yake, Bi Mwanahawa, kipofu mwenye moyo dhaifu, hakuambiwa. Kila alasiri kompyuta ilimpigia simu kwa sauti ya mwanawe, naye alicheka na kumuuliza atarudi lini.

Kisha ikatangazwa kwamba kikomo kimeshuka hadi kazi moja. Hidaya akamwendea msimamizi wa mtaa.

"Nionee huruma, kaka. Nizime ipi?"

"Chagua mwenyewe, dada. Usipochagua, mtambo utakuchagulia."

Alirudi nyumbani akaizima sauti ya mumewe. Ilimuuma kana kwamba anamzika upya.

Bi Mwanahawa akashinda na simu mapajani. Siku zilizofuata akaacha kula. Hidaya alimwambia labda mtandao ni mbovu.

"Usinidanganye, mwanangu. Amepata mke mwingine huko, ametusahau." Kikongwe akainua mikono yote miwili. "Kama amenitupa, Mungu naye amtupe. Asipate raha alipo, wala kaburi lake lisipate nuru. Itikia, mwanangu."

Mashine ya kupumulia ikaendelea kuvuma. Bi Mwanahawa alimsubiri, mikono ingali juu.

"Amina," akasema Hidaya.