Ndara Chini ya Kufuli

"Na yako pia, Bwana," alisema Bi Otowa, mkono ameunyoosha.

Mzee Kurozumi aliyatazama mabuti yake yenye manyoya ndani, kisha akamtazama msimamizi wake. Kiwanda cha hariri kilikuwa chake, mji mzima wa Suwa ulijua hivyo, na sasa anaambiwa avue viatu mbele ya wasichana arobaini.

"Yangu ya nini? Mimi nimtoroke nani?"

"Anayetaka kutoroka kwenye theluji hii ataanza kwa kuiba yako. Ndiyo yenye joto."

Hilo lilimwingia akilini. Akavua.

Balaa lilianza siku tatu nyuma. Kiwanda cha ng'ambo ya ziwa kilipenyeza habari kwamba kinamtaka mwanamke anayeujua uzi mzuri kwa kuugusa tu, tena awezaye kufundisha wengine. Tangu hapo Mzee Kurozumi chakula hakipiti. Wanunuzi wa Yokohama walikuwa wanakuja wiki ijayo. Akiondokewa na mkono huo, hariri yake itarudishwa yote, na kiwanda kitabaki banda la kufugia kuku. Na mkono wenyewe aliujua: Chise, yule wa sufuria ya kwanza ya kuchemshia vifukofuko vya hariri, mwenye mdomo.

"Ni Chise tu, hakuna mwingine," alisema.

"Wewe ndiye unayejua, Bwana." Miaka ishirini na miwili ya kuwafundisha wasichana kiwandani, Bi Otowa hakuwahi kubishana naye hata siku moja.

Wazo la kufuli lilikuwa lake Bi Otowa. Ndara zote za wafanyakazi, zile za mabua ya mpunga zenye vibao chini, zifungiwe stoo kila jioni hadi asubuhi. Bila ndara hakuna anayekanyaga sakafu ya kiwanda iliyojaa maji, sembuse theluji ya nje. Mzee alilipenda wazo hilo mpaka akaenda kununua mwenyewe kufuli kubwa kuliko yote mjini, na mlango wa stoo akaupiga mabati.

Wasichana walipanga foleni, ndara mkononi, wakisukumana na kucheka.

"Bi Otowa, sasa chooni tutaenda kwa kuruka kama vyura?" Chise aliuliza.

"Utaenda na soksi. Na uache kubugia chai usiku."

"Na mlinzi je? Au yeye ana kwato?"

"Naye anavua."

Mlinzi alivua huku akinung'unika, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi. Wasichana wakaangua kicheko.

Zilipobaki ndara za Bi Otowa peke yake, Mzee Kurozumi alimtania. "Na wewe huvui?"

"Nikivua mimi, asubuhi nani atakuja kuwafungulia?"

Mzee akajicheka mwenyewe kwa kuuliza swali la kijinga.

Asubuhi kengele ilichelewa. Mzee Kurozumi alikurupuka, akapita ukumbini mbio na soksi zake, roho mkononi, hadi bwenini. Akahesabu vichwa. Akahesabu tena. Arobaini kamili. Chise alikuwa dirishani, anachana nywele.

Furaha ilimjaa hadi machozi yakamlengalenga.

"Hujatoroka!"

"Kwa miguu ipi, Bwana?"

"Ama kweli Bi Otowa ni dhahabu! Mwiteni nimshukuru."

Wasichana walitazamana. Mmoja akaficha uso kwenye mkono wa kimono, mabega yakimtetemeka.

"Mwite mwenyewe, Bwana," alisema Chise, akisukuma dirisha. "Ila paza sauti."

Katikati ya ziwa lililoganda, Bi Otowa alikuwa akielekea ng'ambo, funguo kiunoni, akitembea polepole kama mtu anayejua kwamba nyuma yake hakuna mwenye kiatu.