Pamba Masikioni

Bi Mwatime alikuwa ameandaa semina ya kuwafunza wahadhiri namna ya kusomesha wanafunzi viziwi. Asubuhi hiyo aliwagawia pamba, wakaziba masikio. Kisha akamwomba Profesa Ngwatu afundishe kama siku zote.

Profesa akawapa mgongo, akawa anaandika ubaoni huku anaeleza. Alipomaliza, akageuka.

“Tumeelewana?”

Wenzake wote wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima.

Profesa akacheka. “Mmeelewa nini, na masikio mmeyaziba?”

Wakaitikia tena.

Safu ya mbele alikaa Chausiku, mwanafunzi wake kiziwi, aliyealikwa kushuhudia. Naye alikuwa akiitikia, vilevile kama alivyoitikia darasani tangu mwaka wa kwanza.

Kicheko kikamkauka Profesa mdomoni. Akainua chaki, lakini hakugeukia ubao.