Mashini Saba za Beni

Kompyuta saba zilipangwa juu ya madawati ya shule katika ua wa bureau ya usalama, mjini Beni, mashariki ya Kongo. Nyuma ya kila moja alisimama mwenye nayo. Hulda alikuwa nyuma ya ile ya tano. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo.

Mwaka ule wa 2000, waasi walioushika mji walimtafuta mtu mmoja tu: aliyeandika orodha ya watu thelathini na wawili waliouawa na askari wao katika kijiji kimoja upande wa Lubero. Orodha ilikamatwa uwanja wa ndege wa Mavivi, ndani ya disketi iliyofichwa katika furushi la samaki wa chumvi. Mwenye furushi alitoroka. Disketi ilibaki.

Hulda ndiye aliyeiandika. Katika kibanda chake cha mtaa wa Bungulu alikuwa akiwapigia watu chapa barua za arusi na vyeti vya ubatizo. Orodha ile aliipiga chapa mchana, mlango ukiwa wazi ili asishukiwe. Jina la kumi na tisa lilikuwa la Keren, mdogo wake.

Kisha redio ikatangaza. Kompyuta mpya, zile saba ambazo mfanyabiashara wa Butembo alizileta kutoka Dubai, zina namba zilizofichwa ndani, kila moja na yake, kama gari na namba ya shasi. Lolote linaloandikwa linabeba namba hiyo. Wenye kompyuta wasitoke mjini.

Hulda alijaribu kwenda kwa shangazi yake, kijijini Kyavinyonge. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alisoma majina saba kwenye karatasi, akamrudisha.

Basi akaenda kwa Ananie, fundi, ambaye waliimba naye kwaya moja. Ananie alikiri kwamba namba iko kweli. Hakuuliza sababu.

"Iko namna ya kuizima, dada," alisema. "Mutu akiuliza namba, mashini itanyamaza."

Hulda akamwomba aizime, naye akaizima. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tangazo, alimaliza sahani yake ya bugali.

Sasa Ananie, aliyeletwa na askari wawili, alipita dawati kwa dawati, komanda wa waasi nyuma yake na kalamu. Kompyuta ya kwanza ilitoa namba ndefu. Komanda akaiandika. Ya pili, ya tatu na ya nne vilevile. Ananie alipofika kwa Hulda hakumtazama usoni. Kioo cha mashini kikaonyesha mahali pa namba pakiwa patupu. Komanda akainama, akaangalia, akachora kistari kwenye karatasi, akasonga mbele. Hulda akashusha pumzi.

Ya sita na ya saba zikatoa namba zao.

Komanda akakunja karatasi, akaamuru mnyororo ufunguliwe. Phinées, mkuu wa shule mwenye kompyuta ya sita, jasho likimtoka, aliomba kwa adabu aonyeshwe namba iliyo ndani ya disketi, ajue kama amepona.

"Mu disketi hamuna namba, directeur," komanda alisema, akimshika Hulda mkono. "Tulitaka kujua tu ni nani atazima ya kwake."