Spana Tatu na Mawe ya Mizani

Muuza nyama alivuka barabara akiwa amekumbatia mawe mawili ya mizani, aproni bado ina damu, wateja wake wakimfuata kama msafara wa harusi. Alikuwa amesikia mdogo wake ananunua spana ya kupimia ya bei ya chini, na alikuwa anakwenda kuipima na kumwaibisha mbele za watu, na hakutaka mtu akose.

Mdogo wake, mfamasia, alikuwa ndani ya duka la vifaa, ameinamia spana tatu. Zote zilifanya kazi moja: unaiwekea namba, unakaza nati, nguvu ikifika kwenye namba hiyo spana inalia tak! Wiki iliyopita gurudumu la gari lake lililegea barabarani, watoto wakiwa kiti cha nyuma. Kesho alikuwa anawapeleka kwa bibi yao. Nati angezikaza mwenyewe, tena kwa kipimo, si kwa kukisia. Lakini mfuko wake ulitosha ile ya bei ya chini tu.

"Takataka hiyo itakudanganya," kaka yake akasema toka mlangoni. "Kazi yangu ni kupima, mdogo wangu. Mwongo namjua kwa sura."

"Basi tuipime, kaka. Ikisema kweli, unalipa wewe."

"Ikisema uongo, gari linakazwa na fundi wangu, na wewe hunibishii tena mpaka mwakani."

"Nimekubali."

Hesabu ilikuwa nyepesi. Kilo moja huvuta kwa nguvu ya tisa nukta nane, kwa hiyo kilo ishirini zikining'inia nusu mita kutoka kwenye nati, spana iliyowekwa tisini na nane inapaswa kulia. Muuza vifaa alibana bolti kwenye jiliwa, chuma cha kubania kilichofungwa mezani, akaanza kupima kwenye mizani yake kilo ishirini za misumari ya kutundika kwenye spana.

"Weka mbali misumari yako!" muuza nyama akamkatiza. "Haya hapa. Kumi na kumi. Mtaa mzima unakula kwa mawe haya."

Wakayatundika. Spana ikakaa kimya.

Duka likalipuka kwa vicheko.  Mfamasia aliyashusha mawe, akapunguza namba, akayatundika tena, akashusha, akapunguza. Kwenye themanini na tatu: tak!

"Nilisema mimi!" Muuza nyama alizunguka akicheza, aproni ikipepea. "Uchina, Uturuki, sijui wapi, takataka ni takataka!"

"Nipe ya bei ya kati," mfamasia akasema.

Themanini na tatu. Tak!

"Hee! Na huyu naye!" Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alikuwa anafuta machozi kwa kofia.

Ikabaki ile ya bei ya juu, yenye sanduku lake na cheti cha kukaguliwa mwezi huo huo. Mfamasia alipima tena nusu mita kwa rula, akaiandaa taratibu.

Themanini na tatu. Tak!

"Waongo watatu duka moja!" Muuza nyama alicheka hadi akashika meza asianguke. "Bwana, funga duka uuze mchicha!"

"Waongo watatu hawatoi namba moja. Nifungie ya bei ya chini," mfamasia akamwambia muuza vifaa. "Kaka analipa."

"Nalipa kwa lipi?" kaka akauliza, bado akicheka, na duka zima likacheka naye.

Isipokuwa mama mmoja kati ya wateja wa nyama. Yeye alikuwa ameacha kucheka kitambo, na sasa alikuwa anauweka mfuko wake wa nyama juu ya mizani ya misumari.